Mustang GT ya V8 au EcoBoost: hizo milioni tatu za juu nitazionea wapi Nairobi?

Mtoto_wa_Donholm:

Wadau, habari zenu. Mimi ni mkadiriaji majenzi, ofisi Upper Hill, nyumbani Donholm. Nimeendesha Mazda Axela hadi imenichoka, nami nimeichoka. Kuna kishamba nilikuwa nacho Juja, kimepata mnunuzi, na sacco nayo imeniitikia mkopo. Tangu niko shule ya upili nimekuwa nikisema iko siku nitakuwa na Mustang, na nadhani siku yenyewe imefika.

Muuzaji mmoja wa Ngong Road amenipa bei mbili. EcoBoost ya 2018, injini 2.3 yenye turbo, otomatiki, kutoka Uingereza: milioni 6.4 ikiwa na namba. GT ya mwaka uo huo, V8 ya 5.0: milioni 9.3. Kwa macho ni gari lile lile. Karatasi zinasema EcoBoost ina nguvu za farasi 290, GT ina 450.

Safari zangu ni kazini na kurudi, kanisani, na mara moja kwa mwezi kwenda kwa wazazi Nakuru. Mke wangu hana neno juu ya rangi wala injini, amesema tu nisimletee gari lisilopita matuta ya estate.

Swali langu: hizo milioni 2.9 za juu zinanunua kitu ninachoweza kukitumia nikiwa hapa, ama nanunua kelele? Na tafadhali, msinielekeze kwa Prado.

Kijana_wa_Boxer:

Bosi, hata moja kati ya hizo usiguse. Tafuta Subaru WRX STI ya Japani, injini ya 2.0 yenye turbo, farasi 308, magurudumu yote manne yanavuta. Mvua ikinyesha pale Kinungi, wewe na Mustang yako inayosukumwa na magurudumu ya nyuma mtakuwa mnaomba Mungu. Mimi nitakupita nikikupungia mkono. Chenji itakayobaki mnunulie shemeji Demio.

Mama_Nganya:

Kijana wangu wa Donholm, huyu wa Boxer msamehe. Hata ukiuliza bei ya unga atakujibu kwa Subaru. Ila la mvua amesema kweli, liweke akilini.

Nimefuga matatu barabara ya Buruburu miaka mingi. Nilipouza ya mwisho nikanunua GT ya 2016, nyeusi, gia za mkono. Wanangu walidhani ni ya kaka yao mkubwa. Sasa nitakujibu kama mtu aliyezoea kuuliza gari linakula nini na linaleta nini, ingawa Jumapili asubuhi utanikuta nimeliwasha pale nje na sina safari yoyote.

Tuanze na hizo milioni 2.9, maana wengi hudhani zote zinaenda kwenye injini. Gari likifika Mombasa, KRA haishughuliki sana na risiti yako. Ina orodha yake ya bei, ile CRSP, na huipunguza kulingana na umri wa gari. Ikishapata thamani, inaanza kupanda ngazi. Tuseme thamani ni shilingi 100. Ushuru wa forodha asilimia 35, umefika 135. Juu ya hiyo 135 unakuja ushuru wa bidhaa, na hapo ndipo magari yako mawili yanapoachana: petroli iliyozidi cc 1,500 hutozwa asilimia 25, iliyozidi cc 3,000 hutozwa 35. Halafu VAT ya asilimia 16 juu ya mlima wote. EcoBoost inaishia 195 na senti 75. GT inaishia 211 na senti 41. Bado ada ya tamko la uagizaji na ile ya reli. Kwa hivyo GT inapigwa mara mbili, kwanza kwa thamani yake kuwa kubwa, kisha kwa kiwango chake kuwa kikubwa. Wewe ni mtu wa hesabu, zirudie 6.4 na 9.3 kwa njia hiyo. Zaidi ya nusu ya tofauti utakuta ni ushuru, na ndani yake hakuna hata bolti moja.

La pili, yule wa Ngong Road hatakwambia. Ile V8 haina turbo, inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini ya namna hiyo ikiwa huku juu hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Farasi 450 wa karatasi wanabaki kama 375. EcoBoost ina turbo inayoishindilia hewa, kwa hivyo inapoteza kidogo tu. Ule mwanya wa farasi 160 unaoulipia, hapa mjini ni kama 100. Ukienda kwa wazazi, pale Limuru unapita mita 2,200 na barabara bado inapanda, mwanya unazidi kupungua. Mara ya kwanza nilipoteremka na yangu pwani, kupita Voi nilihisi kama kuna mtu ameninyang'anya gari akanipa lingine. Ikivutwa gia ya tatu, kichwa kinagonga kiti. Farasi wangu wote walikuwa wameteremkia huko.

Na hata hao waliobaki utawakimbizia wapi? GT ya otomatiki inasemekana hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.3. Kwenye Expressway mwisho ni 80, kwa hivyo hata hizo sekunde nne huzimalizi. Thika Road kuna kamera, na mbele yako kuna matatu imesimama katikati ya barabara ikishusha mtu mwenye kuku. Mahali pa haki pa kulijaribu ni Athi River, pale uwanja wa mbio za magari wa Whistling Morans, siku wanapoufungua. Nenda uone, hata bila gari. Ukiwa na kofia ya kinga kichwani na hakuna boda wa kukuchomokea, utajua kama kweli wewe ni mtu wa kasi ama unapenda tu kusikia.

Sasa utashangaa nikikwambia, kati ya hizo mbili, chukua GT.

Sababu ya kwanza ni ile uliyoiita kelele. Usiidharau, ndiyo bidhaa yenyewe. Ikiwa baridi asubuhi ukabonyeza kitufe, inalipuka mara moja kwa ukali hadi mlinzi wa geti anaruka, inakaa juu hivyo kwa muda, kisha inashuka polepole na kutulia kwenye ule mdundo wake usiolingana, kama mtu anayetembea akichechemea kwa maringo. Usukani unatetemeka kidogo sana, unausikia kwenye vidole. EcoBoost ni injini nzuri, sitaitukana, lakini Ford wenyewe waliona haisikiki vya kutosha hadi wakaiongezea mngurumo kupitia spika za ndani. Ukishajua hivyo, kila ukikanyaga utakuwa unasikiliza redio.

Ya pili ni siku ya kuuza. Kwenye biashara ya matatu nilijifunza kununua gari kwa macho ya mtu nitakayemuuzia. Wanaotafuta Mustang Nairobi ni wachache, na swali lao la kwanza ni moja: ni V8? Ukijibu hapana, anakaa kimya kwenye simu, kisha anakutajia bei ya kukutusi. Jirani yangu wa South C ana EcoBoost safi kabisa, imetunzwa, na imekaa sokoni hadi matangazo yake yamezoeleka kama ya maji ya kisima. Za GT nilizoona zikiuzwa zilishuka bei, sikatai, lakini ziliondoka.

Petroli isikutishe. Yangu mjini lita moja inanipeleka kilomita tano, sita nikiwa na adabu. Ya jirani inapata nane. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, hiyo ni lita 200 dhidi ya 125. Ukiweka lita shilingi 180, tofauti ni 13,500. Kwa milioni 2.9 ungelipia tofauti hiyo miaka kumi na saba na bado.

Kinachouma ni vingine, na hivi ndivyo watu husahau kupigia hesabu. Ile GT ya 2018 inameza lita tisa na nusu za mafuta ya injini kila sevisi, plagi nane, na tairi za nyuma ni 275/40 R19, ulizia bei kabla hujasaini chochote. Bima kamili ukiikadiria asilimia 4, hiyo tofauti ya milioni 2.9 peke yake inakuongezea 116,000 kwa mwaka. Halafu sacco. Ikiwa wanakutoza asilimia 1 kwa mwezi, riba ya hiyo tofauti mwezi wa kwanza ni 29,000, yaani zaidi ya mara mbili ya ile tofauti ya petroli ambayo kila mtu anakutishia nayo. Pesa yenyewe ina ulaji wake, na inakula hata gari likiwa limeegeshwa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Usinunue ile ya milioni 9.3 inayotoka melini. Tafuta GT iliyokwisha kusajiliwa hapa, ambayo mwenyewe alilipa ushuru akalia, akaliendesha kidogo, sasa anajenga ama anahama. Inunue kwa pesa ya shamba bila kugusa sacco. Ikiwa pesa ya shamba haifiki, kaa na Axela, kwa sababu EcoBoost ya mkopo utakuwa unailipia huku ukimtazama mwenye V8 kwenye taa za Museum Hill, na hilo ni jambo la kumzeesha mtu.

Fundi_wa_Enterprise_Road:

Mama amemaliza upande wa pesa, wacha niongeze wa chini ya gari, kwa sababu ndiko ninakoshinda.

Ndugu, mwambie shemeji matuta yatapitika, ila si yote na si kwa haraka. Kimo cha chini ni kama sentimita 13 na kitu. Matuta ya lami yaliyotengenezwa na kaunti unapita. Yale ya simiti ambayo mwenye nyumba amejimwagia mwenyewe usiku, hayo unayapita kwa upande, gurudumu moja moja, na ukiwa umebeba watu wanne usijaribu. Wengi ninaowapokea wamepasua ile plastiki ya chini ya bampa ya mbele. Wanakuja wakilia kana kwamba ni injini.

Jambo lingine: zile za Uingereza hazina gurudumu la akiba. Ukifungua buti unakuta kichupa cha gundi na pampu ndogo. Kwa pancha ya msumari sawa, lakini shimo la Outering likishachana ubavu wa tairi, gundi hiyo utaipaka wapi? Nunua gurudumu la akiba siku ile ile unayonunua gari.

Spea usiende Kirinyaga Road ukitarajia kukuta zimening'inia kama za Toyota. Karibu kila kitu ni kuagiza. Nafuu ni kwamba ile V8 ya 5.0 iko pia kwenye pikapu za F-150, kwa hivyo vitu vingi vya injini vinapatikana Marekani kwa bei ya kawaida, kinachokuua ni usafiri na kungoja. Taa na bampa ndizo ghali. Gongwa na boda uone.

Kama una watoto, chukua kuanzia hii ya 2018 iliyobadilishwa uso. Ile ya kabla yake Euro NCAP, wale wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, waliipa nyota mbili mwaka 2017. Baadaye ikawekewa mfumo wa kujifungia breki yenyewe ikapanda hadi tatu. Si nyingi, lakini afadhali. (Mama, yako ya 2016 usikasirike.)

Na mtu asikudanganye na picha za bei rahisi za Japani. Ford walifunga biashara yao Japani mwaka 2016, na Mustang nyingi zilizoko kule usukani uko kushoto. Hapa huisajili. Hiyo ndiyo sababu pia huoni Challenger na Charger barabarani kwetu, hazikutengenezwa za usukani wa kulia.

Kijana_wa_Boxer:

Mmeona? Hakuna gurudumu la akiba, spea za kungoja meli, nyota mbili. Subaru mimi nainunulia spea nikiwa na slipa.

Mama_Nganya:

Na unazinunua mara nyingi, ndiyo maana slipa zimeisha.

Mtoto_wa_Donholm:

Mama, asante sana, na Fundi pia. Ile hesabu ya sacco nimeifanya jana usiku kwenye kompyuta ya ofisi, nikaifunga bila kuhifadhi.

Nimefuata ushauri nikatafuta za hapa. Kuna GT ya 2018 Karen, ya buluu, otomatiki, kilomita 41,000, anaitisha milioni 7.9 na anasema inazungumzika. Shamba litanipa 7.5 nikishalipa wakili. Anayeuza anasema alinunua kwa mtu wa ubalozi aliyerudi kwao. Naenda kuiona Jumamosi. Niangalie nini? Na hiyo habari ya ubalozi ni nzuri ama mbaya?

Mama_Nganya:

Inaweza kuwa nzuri, watu wa ubalozi hawaendi gereji za kona. Lakini simama hapo kwanza kabla hata ya kuangalia rangi. Magari ya ubalozi huingia bila ushuru. Likiuzwa kwa raia wa kawaida, ushuru lazima ulipwe. Kama haukulipwa, wewe ndiye utakayetafutwa, na umeona pale juu ni pesa ngapi. Ingia eCitizen, upande wa NTSA, toa nakala ya rekodi za gari. Jina liwe la huyo anayekuuzia, si la binamu yake. Halafu mwambie akuonyeshe karatasi za KRA za ushuru uliolipwa. Akianza kusema ziko kwa ajenti wake Mombasa, rudi nyumbani, Jumamosi yako haijaharibika.

Karatasi zikiwa safi, nenda saa moja asubuhi, na umwambie asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti ukifika. Likiwa na joto, muulize alikuwa anakimbilia wapi. Likiwashwa likiwa baridi, subiri ule mngurumo wa kwanza ushuke, kisha sikiliza. V8 za mwaka huo wengine hulalamikia mlio wa tik-tik kama taipureta gari likiwa limesimama na limepata moto. Mara nyingi halifi kwa hilo, lakini ni sababu ya kuteremsha bei, kwa hivyo usikie wewe kabla hajaongeza redio. Toa kijiti upime mafuta ya injini mwenyewe. Angalia tarehe za tairi, zote nne. Wenye magari haya hupenda kubadilisha mbili za nyuma tu, zinazoisha kwa mchezo wa kuzungusha matairi, na mtu aliyechoma tairi za nyuma mara nyingi kuna kingine amechoma.

Bei, anza 7.1. Atakasirika. Mwache akasirike, umwambie una pesa yote benki na hungoji mkopo wa mtu. Hapo ndipo shamba lako la Juja litakapoongea kwa sauti kuliko injini yake. Ukipata kwa 7.4 chukua, hiyo laki itakayobaki ni ya gurudumu la akiba la Fundi, na bima uanze kuitafutia pesa kutoka kwa mshahara.

Fundi_wa_Enterprise_Road:

Jumamosi hiyo niko huru hadi saa sita. Ukinichukua hapa gereji nitakuja na jeki na tochi tuliangalie chini, nauli tu na chai. Ila nikisema tuondoke, tunaondoka, usianze kunionyesha rangi ya buluu.

Mtoto_wa_Donholm:

Fundi, nimekutumia ujumbe. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa hapo na Axela.